Beki wa Kushoto Kwanza

Magoli arobaini na moja. Watu wanasema nina chuki, nina mdomo, nina daftari. Daftari ninalo kweli. Msimu wa 2012 timu yetu ya Tujikaze ilifungwa magoli arobaini na moja katika mechi kumi na nne, na kila goli niliandika papo hapo, nimesimama pembeni ya uwanja: dakika, mfungaji, upande mpira ulikotokea, na nani wetu alikuwa amelala. Hakuna aliyenifundisha. Shule niliiachia darasa la sita kule Burundi vita ilipofika, na mengine yote nimejisomesha mwenyewe hapa Durban, huku nikishona soli za viatu kwenye kona ya robot, taa za barabarani, ambapo hata polisi wananijua kwa jina.

Kwa hiyo Jumamosi ile ya Februari, Honoré aliposimama katikati ya saluni tunayofanyia vikao na kutangaza kwamba tatizo la Tujikaze ni golikipa, damu ilinipanda mpaka kwenye masikio.

Nieleze kwanza ligi yetu, maana mtu wa nje hawezi kuelewa. Zamani kila taifa lilikuwa na timu yake: Warundi huku, watu wa Uvira kule, wa Lubumbashi kivyao, Watanzania kivyao. Fainali ya mwaka 2010 iliisha kwa mawe. Wazee wa kanisa wanaotupa ukumbi kule Sydenham wakasema basi, timu za kabila na taifa hatutaki tena. Tangu hapo, kila Februari majina ya wachezaji wasio na timu yanaandikwa kwenye ubao, na timu nane zinachagua kwa zamu, moja baada ya nyingine. Iliyoshika mkia inachagua kwanza. Na kila ukichukua mtu mmoja, lazima utoe mmoja wa kwako, jina lake lipande ubaoni. Wakubwa wa ligi wanaita kitu hiki drafti, neno walilolitoa kwenye mpira wa kikapu wa televisheni. Mimi nakiita mnada, na sioni haya.

Tulishika mkia. Jina la kwanza lilikuwa letu. Swali lilikuwa moja tu: tuchukue mtu wa nafasi gani? Na ndani ya swali hilo lilikuwemo lingine ambalo hakuna aliyelitamka: nani atatoka?

"Ndugu zangu, tuongee kama watu wazima," alisema Honoré. Yeye ana duka la simu, ndiye prezida wa timu, na jezi ni zake. Alijiandikisha pia kuwa mchezaji, namba kumi. "Magoli arobaini na moja! Hiyo si timu, hiyo ni kichujio. Pale ubaoni iko kijana anaitwa Audace, golikipa, miaka ishirini na mbili, anaruka kama paka. Tumchukue. Josias tumshukuru, apumzike."

"Apumzike wapi?" niliuliza.

"Mzee Ntaki, usianze."

"Nimeuliza tu. Apumzike wapi?"

Alijua ninachouliza. Wote mle ndani walijua. Mwaka 2011 tulimtoa Gosbert, beki wa kati, kwa sababu magoti yamechoka. Jina lake lilikaa ubaoni mchana mzima, timu nane zikapita raundi tano, hakuna aliyemtaja. Mwishowe mama anayesafisha ukumbi akaja na kitambaa akamfuta. Gosbert alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni, akitazama. Baada ya hapo hakuna aliyempigia simu, kwa sababu hakuwa kwenye orodha ya timu tena. Nasikia alienda Cape Town. Nasikia tu. Hatujui.

Na orodha ile si ya mpira peke yake. Orodha ya Tujikaze iliandikwa Mei 2008, wiki ile watu walipozunguka na marungu wakitafuta wageni jengo kwa jengo. Tuliandika majina na namba za simu kwenye kipande cha katoni: yakikukuta, unapiga namba ya juu, ya juu anapiga inayofuata. Timu ilizaliwa pale. Mpira ulikuja baadaye. Na usiku walipofika kwenye jengo letu, aliyesimama mlangoni na chuma cha kitanda, akapigwa rungu la uso lakini mlango haukufunguka, ni Josias. Sisi tulikuwa juu, watu kumi na tisa na watoto. Honoré alikuwa Johannesburg kwa shemeji yake. Alikuja Durban mwaka 2010, gari la kukodi limejaa simu.

Sasa huyo ndiye anasema Josias apumzike.

Kocha wetu, Sébastien, fundi wa magari, mtu mpole anayetaka kila mmoja amalize kikao akiwa amefurahi, aliinua mkono. "Mimi kusema kweli naona mshambuliaji. Tumefunga magoli tisa tu mwaka mzima. Ukifunga matano, hata ukifungwa matatu..."

"Kocha," alisema Immaculée bila kuacha kusuka kichwa cha mteja, "sisi tulifungwa sita na wale wa timu ya Point. Huyo mshambuliaji wako afunge ngapi, saba?" Saluni ni yake, na katibu wa timu ni yeye. "Halafu angalia hii orodha. Majina sitini na tatu. Washambuliaji arobaini na wanne! Beki wa kushoto sifuri. Sifuri, jamani. Hawa watu wote walizaliwa mbele ya goli?"

Watu walicheka. Mimi pia, kidogo, maana sababu niliijua. Kila mchezaji anajaza fomu yake mwenyewe, na sisi wakimbizi tumefundishwa na fomu. Unasimama foleni tangu alfajiri kwenye ofisi ya wakimbizi, ukifika dirishani unaandika kile afisa anachotaka kusoma, la sivyo unarudi kesho. Miaka ile nilikuwa nakaa nje ya geti la ofisi na kalamu, nawajazia fomu wasiojua Kiingereza, bure. Niliwaambia wote hivyo: usiandike ulivyo, andika wanachotafuta. Sasa hata mtu ambaye maisha yake yote amecheza beki, akipewa fomu ya mpira anaandika mshambuliaji, kwa sababu anadhani ndicho kinachotafutwa.

Nikafungua daftari.

"Beki wa kushoto kwanza," nilisema. "Sikilizeni, maana nitasoma mara moja tu. Machi tarehe kumi, dakika ya nane, kutoka kushoto kwetu. Dakika ya thelathini na moja, kushoto. Machi tarehe kumi na saba, dakika ya pili, dakika ya pili jamani, kushoto. Niendelee? Magoli arobaini na moja. Ishirini na tisa yameingilia kushoto. Na kushoto kwetu anacheza nani?"

Vichwa viligeuka. Gustave alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, mikono katikati ya magoti. Gustave ni shemeji yake Honoré, kaka wa mke wake. Kijana mrefu, mkimya siku sita za wiki, lakini Jumamosi uwanjani mdomo haufungi. "Kushoto! Kushoto! Anakuja! Sasa!" Dakika tisini, kama kondakta. Na wakati anapiga kelele, winga wa adui anapita peke yake, kwa sababu badala ya kumfuata Gustave amerudi nyuma, amesimama pembeni ya mlingoti wa goli kama aliyepandwa pale.

"Nimeandika hapa," nikasema. "Gustave hayupo. Gustave hayupo. Gustave amesimama golini anapiga kelele. Mara ishirini na tisa nimeandika jina lake. Lakini mtu huyu hawezi kutoka, kwa nini? Kwa sababu dada yake analala kitanda kimoja na prezida. Basi atoke Josias! Josias hana dada Durban."

"Chunga mdomo wako," Honoré akasema.

"Mdomo wangu nauchunga miaka hamsini, umenifikisha hapa."

"Umekufikisha kwenye kona, unashona viatu."

"Nashona. Na vyako vya kahawia nilivishona mara mbili, wewe ukisema vipya."

Mteja wa Immaculée alicheka mpaka akavutwa nywele. Honoré aligeuka kwa Gustave. "Na wewe sema kitu! Unatukanwa hapa kama mbuzi."

Gustave aliinua macho, akanitazama, si kwa hasira. Nilitaka awe na hasira. "Mzee Ntaki anaandika anachoona," alisema. Akanyamaza.

Nilikichukua kimya kile kuwa kukiri kosa. Tukapiga kura. Watu saba walisema beki wa kushoto kwanza, wanne golikipa, na Sébastien mshambuliaji, peke yake, akitabasamu. Ilikuwa tutafute mmoja kati ya wale washambuliaji arobaini na wanne ambaye kweli ni beki, na mimi, kwa kumbukumbu zangu, nilishamjua: kijana anaitwa Yeremia, nilimwona mwaka 2009 akicheza beki kule Bluff, hapitwi na mtu. Gustave angetoka. Na kwa kuwa mwaka uliopita Honoré alibadilisha jina njiani akatuletea binamu wa rafiki yake, Immaculée akaandika kwenye kitabu cha kikao: kesho ukumbini, majina, la anayeingia na la anayetoka, yatatajwa na Baba Diane, si prezida. Baba Diane ni mimi. Wakasaini wote, hata Honoré.

Nilitoka pale nimevimba kwa ushindi.

Nilienda moja kwa moja Berea, kwenye magorofa anayolinda Josias. Saa kumi na moja jioni jua lilikuwa bado kali, ndiyo kwanza ameingia zamu. Nikamwona kwa mbali amekaa kwenye kiti chake cha plastiki ndani ya geti, bega la kushoto limegusa ukuta. Geti dogo la miguu liko upande ule ule wa ukuta, nyuma yake kidogo. Nilipitia hapo, nikasimama hatua mbili kutoka kwake. Nikangoja anisalimie. Hakugeuka. Nikadhani ananitania.

"Mlinzi gani wewe!" nikasema.

Aliruka kama aliyemwagiwa maji. Kiti kilianguka. Rungu lilikuwa tayari mkononi, na kichwa chake kikazunguka, chote, mpaka kidevu kikawa juu ya bega, ndipo akanitambua.

"Usinifanyie hivyo," alisema. Alikuwa anahema. "Kaka, usinifanyie hivyo hata siku moja."

Nilicheka. Nikampa habari yangu, haraka haraka, kwa furaha: Honoré alitaka kukutoa, nimemkunja, nimesoma daftari lote, kura saba, Gustave nje, wewe umebaki. Nilimaliza nikangoja shukrani.

Josias aliinua kiti, akakirudisha ukutani, akakaa. "Nani alikutuma?"

"Nini?"

"Nakuuliza, nani alikutuma unitetee? Nilikuja kwako? Nilikulilia? Kila siku wewe na daftari lako, unatetea watu hawajakuomba! Unajua umefanya nini? Umemtoa mtu aliyenishikilia mwaka mzima!"

"Gustave? Gustave yule ambaye..."

"Simama hapo," alisema. Akasogeza kiti hatua moja kutoka ukutani, akanionyesha kwa rungu nafasi iliyobaki, sawa na sikio lake la kushoto. "Inua vidole. Usiniambie vingapi."

Niliinua vitatu.

Alikuwa anatazama mbele, barabarani. "Umeshainua?"

Nilivisogeza karibu na uso wake, karibu kabisa, kiganja kizima. Jicho la kushoto lilikuwa wazi, jeusi, zuri, linapepesa kama la mtu yeyote. Halikuona kitu.

"Tangu lini?" Nilijua tayari tangu lini.

"Unaniuliza wewe? Ulikuwepo. Wiki ile lilivimba, likafunga. Lilipofunguka nilikuwa naona kama kupitia maziwa. Mwaka uliofuata, hata maziwa hakuna."

"Lakini kazi hii... Wanapima..."

"Hawakupima, waliuliza kwenye fomu." Akanigeuzia kichwa chote, tena ule mzunguko wa kidevu hadi begani, na mimi mwenye kumbukumbu za watu wote nilikuwa nimeuona mzunguko ule miaka minne bila kuuona. "Nani alinijazia fomu, kaka?"

Mimi. Mwaka 2009, nje ya chuo cha walinzi, nimeweka ubao kwenye magoti. Foleni ilikuwa ndefu, nilikuwa nauliza maswali kama mashine. Una kifafa? Hapana. Umewahi kufungwa? Hapana. Macho? Alinyamaza kidogo. Nakumbuka sasa kwamba alinyamaza. Mimi, bila kuinua kichwa, nikasema, "Andika mazima, wanachotaka ni mazima," nikaandika mazima, nikageuza ukurasa. Mbele yangu mtu aliyepigwa rungu akinilindia mlango, na sikuinua kichwa.

"Gustave aligundua mechi ya kwanza," Josias aliendelea, sauti imeshuka. "Hakuniuliza kitu. Mechi ya pili akaanza kurudi nyuma, ananisimamia mlingoti wa kushoto, ananiambia mpira uko wapi. Winga anapita, ndiyo, anapita. Lakini Gustave alimwacha winga kwa sababu yangu. Hiyo umeiandika?"

"Nimeandika magoli."

"Na yale aliyotoa kwenye mstari? Kwa kichwa, kwa goti, siku moja kwa meno? Hayo umeandika?"

Daftari langu lilikuwa limeandika yaliyoingia tu.

Nilikaa chini kwenye saruji. Nilikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza sikuwa na mtu wa kumpelekea. Nikajaribu Honoré, hakutosha. Nikajaribu wale wa marungu. Hao wanatosha siku zote, lakini siku ile walisimama mbali, na aliyekuwa karibu ni mimi na kalamu yangu.

"Kesho taja golikipa," alisema Josias. "Audace ni mzuri, nimemwona. Mimi niache niende ubaoni."

"Kama Gosbert?"

"Kama Gosbert."

"Siwezi. Nitasimama nieleze ukumbi mzima kwamba..."

"Utaeleza nini? Ukumbini mule iko watu wanne wa kampuni yangu. Kesho kutwa bosi anajua, Jumatano niko barabarani na familia. Apa kwamba hutasema."

"Josias..."

"Apa. Kwa jina la Diane."

Niliapa. Nilipoinuka, niligeuka kumtazama mara ya mwisho. Gari lilikuwa linaingia, akainuka, akafungua geti, akaandika namba, akapokea salamu, akatania na dereva, yote kwa ulaini, kama mtu mwenye macho manne. Kila kitu kilitokea upande wake wa kulia. Kushoto ulikuwepo ukuta, na ukuta hauleti mtu. Kiti kile hakukiweka pale kwa bahati.

Niliteremka Berea kwa miguu, nikitukana peke yangu. Nilikuwa karibu na robot ya tatu niliposimama katikati ya barabara, taksi ikanipigia honi, dereva akanitusi kwa Kizulu, nami nikamjibu kwa Kirundi, tukaelewana.

Ukuta. Uwanja nao una ukuta. Ni ule mstari wa chokaa wa pembeni.

Jumapili ukumbi ulijaa kabla watu wote hawajatoka ibadani. Katibu wa ligi, Jecha, Mtanzania mwenye sauti ya kusomea taarifa ya habari, alisimama mbele ya ubao. Majina sitini na tatu. Josias alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Sijui kama alijua hicho kilikuwa kiti cha nani. Gustave alisimama nyuma kabisa, amevaa suti ya kanisani, kama aliyekuja kuaga.

"Zamu ya kwanza, Tujikaze," alisema Jecha. "Mnamchukua nani?"

Nikasimama. Immaculée alinikonyeza. Yeremia, yule wa Bluff, alishaambiwa na mtu, alikuwa amekaa ameanza kutabasamu.

"Audace," nikasema. "Golikipa."

Honoré akapiga makofi, akacheka mpaka akashika meza. "Ee Mungu! Mzee wa daftari! Jana saa mbili nzima unatupigia kelele, beki wa kushoto, beki wa kushoto, unamtukana mke wangu, leo golikipa? Mmemsikia? Mmemsikia nyote?"

"Baba Diane," Immaculée alisema kwa sauti ya chini, na ile ya chini ndiyo iliyoniuma. "Tulipiga kura. Mimi nilikuandika kitabuni nikikuamini wewe."

"Nimebadilisha mawazo."

"Kwa nini?"

"Nimebadilisha tu."

"Wamekupa nini?"

Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama. Miaka yote hiyo nimesimama kwenye kumbi, kwenye foleni, mbele ya polisi, na sijawahi kukosa la kusema. Siku ile nilikuwa nalo, liko kwenye ulimi, moto, lingewanyamazisha wote. Nililimeza. Lilishuka kama soli kavu.

"Tuheshimu utaratibu," Jecha alisema. "Audace anaenda Tujikaze. Anayetoka?"

"Josias," Honoré akajibu haraka, bado anafuta machozi ya kicheko. "Andika, Josias, golikipa. Tunamshukuru kwa..."

"Prezida, kitabu chenu kinasema atataja huyu mzee," Jecha akamkatiza.

"Honoré," nikasema.

"Naam?" alisema Honoré.

"Anayetoka ni Honoré. Namba kumi. Dakika themanini na tatu katika mechi kumi na nne, magoli sifuri, pasi sikuzihesabu kwa huruma. Iko hapa, ukurasa wa mwisho."

Siwezi kuelezea kelele zile. Watu walipanda viti. Kuna mtu alipiga mluzi kwa vidole. Honoré alikuja mpaka puani kwangu.

"Jezi ni zangu! Nilizinunua mimi!"

"Zivae dukani. Uprezida baki nao, hakuna anayeutaka. Lakini kucheza, hapana. Ulisaini jana."

"Na nani atacheza kushoto?" Sébastien alikuwa amesimama, maskini, mikono juu kama anayesimamisha gari. "Ntaki, sasa tuna magolikipa wawili. Beki wa kushoto ni nani?"

Nilikwenda mbele. Nilimwomba Jecha fomu ya timu, na kalamu. Kwenye mstari wa Josias palikuwa pameandikwa golikipa kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nikaikata nafasi hiyo kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake: beki wa kushoto. Nikaisoma kwa sauti.

Vicheko vikaanza upya. "Miaka thelathini na nane!" mtu alipaza sauti. "Beki wa pensheni!"

Josias alikuwa amesimama. Kichwa chake kilizunguka chote kunitafuta, maana nilikuwa kushoto kwake. Nilimwona anataka kukasirika. Kisha nikamwona anafikiri. Alitazama ukuta wa ukumbi uliokuwa pembeni yake, akauwekea kiganja, akautazama tena.

Aliyeelewa kabla ya wote alikuwa Gustave. Alipita kati ya viti na suti yake mpaka mbele. "Sawa," alisema. "Josias acheze kule pembeni, kwenye mstari. Mimi nitaingia katikati, niwe kulia kwake."

"Na utaacha kupiga kelele?" Sébastien aliuliza.

"Kule hatazihitaji."

Honoré alimtazama shemeji yake kama aliyesalitiwa kitandani. Jecha akagonga meza, akaandika Honoré kwenye ubao, jina la sitini na tatu chini ya washambuliaji arobaini na wanne, na timu ya pili ikaitwa. Hakuna aliyemchukua. Jioni yule mama alikuja na kitambaa. Yeremia alienda timu ya Point, na najua tutamlipia.

Immaculée hakunisemesha wiki tatu. Mpaka leo anaamini nilinunuliwa, ila hajui na nani, maana aliyefaidika hamwoni. Sijamwambia. Namba yangu kwenye orodha ya timu ameishusha, kutoka ya pili hadi ya mwisho. Yakiwakuta Tujikaze sasa hivi, mimi ndiye wa mwisho kupigiwa.

Siku ile, watu wakitoka, nilimkuta Gustave kwenye ngazi anafungua tai. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Mimi si mtu wa kuomba radhi, sina mazoezi.

"Niliandika jina lako mara ishirini na tisa," nikasema.

"Najua. Nilikuwa nakuona unaandika."

"Kwa nini hukusema? Jana pale saluni, ungesema neno moja."

"Ningesema nini, mzee? Wewe una daftari." Aliikunja tai, akaitia mfukoni. "Na ungeliandika."

Akateremka ngazi. Niliitoa kalamu, nikafungua ukurasa wa kwanza, Machi tarehe kumi, dakika ya nane. Nilikata jina lake, nikaandika langu. Ishirini na tisa ni nyingi. Giza liliingia nikiwa bado mwezi wa Juni.